Mkono Usio na Mdomo

"Mzee amerudi," alisema muuza mkaa. Mkono wake ulikuwa unajaza kopo, lakini jicho lilikuwa kwenye mlango wa Bibi Cherehani. "Nakwambia amerudi. Fimbo yake inatembea mle ndani mchana kweupe. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko."

Mama Kichanga, kama walivyomwita pale uani tangu ajifungue, alicheka ili asionekane mwoga.

"Mzee gani, dada? Si tulimzika?"

"Tulimzika, na mimi nililia mpaka sauti ikakauka. Sasa jiulize, kwa nini arudi wakati huu wa kampeni? Yule kipofu hakuwahi kukosa foleni ya kura maisha yake yote. Amekuja kudai yake. Na nasikia uchaguzi uliopita bibi alipiga mbili, ya kwake na ya marehemu. Muulize, kama una kifua."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wewe chukua mkaa wako, Mama Kichanga, usinitoe jasho."

Alirudi chumbani na kopo lake, na maneno yale yakamfuata mpaka ndani kama moshi. Jambo ambalo hakumwambia muuza mkaa ni kwamba hata yeye alishaisikia hiyo fimbo. Chumba chake na cha bibi vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba bibi akipiga chafya huku, yeye humpa pole akiwa kitandani kwake. Ilianza mchana, ua ukiwa mtupu na yeye amekaa ananyonyesha. Ko, ko, ko, kutoka mlangoni kwenda dirishani. Halafu kimya kirefu, kama cha mtu aliyesimama ametega sikio. Mtoto aliacha ziwa akageuza macho ukutani. Tena alikuwa amegundua kitu kingine, na hicho nacho alikimeza: fimbo ikitembea, cherehani haisikiki.

Bibi Cherehani hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa bibi wa ua mzima, fundi nguo aliyewashonea watu sare za shule, kisha akawashonea watoto wao. Uchungu ulipomshika Mama Kichanga, mume wake akiwa safarini na lori alilokuwa utingo wake, ni bibi huyo aliyemshika mkono njia nzima hadi zahanati. "Jikaze kisabuni, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Ukitaka kung'ata, ng'ata bega langu. Nguo nitajishonea nyingine." Na kweli aling'atwa, na nguo akajishonea nyingine.

Mume wa bibi alikuwa fundi wa kusuka viti vya kamba. Macho yalimpotea angali kijana, kwa hiyo sura ya mkewe aliijua kwa vidole tu, na alipenda kujisifu kwamba kwake yeye bibi hajazeeka. Waliishi kwa kubishana, hasa juu ya siasa. Bibi akisema huyu, mzee anasema yule, mpaka redio inazimwa na mmoja wao anatoka kwenda kukaa kibarazani kwa hasira. Lakini siku ya kura walitoka pamoja, nguo zimepigwa pasi, bibi amemshika kiwiko, na katika kupita waligonga kila mlango. "Nyie mnaolala," mzee alikuwa anaita, "mtachaguliwa mpaka mchumba?" Watu walitoka wakicheka, wamejitanda mashuka. Jina la mgombea hawakumtajia mtu hata siku moja. Kazi yao ilikuwa kuamsha tu. Ukitaka kujua wao wanamtaka nani, ukaitegee sikio ile redio.

Mama Kichanga alichukua kishati cha mtoto kilichofumuka pindo, akaenda. Alijiambia anakwenda kushonesha.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mama. Wewe na nani?"

Swali hilo lilimshangaza. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mtoto kifuani, jua liko mgongoni kwake.

"Na mjukuu wako, bibi."

"Najua. Nilitaka nisikie utakavyojibu."

Ndani mlikuwa kama siku zote: cherehani karibu na dirisha, vipande vya vitambaa kwenye beseni, na kile kiti cha kamba cha marehemu ambacho hakuna mgeni aliyekikalia tangu msiba. Fimbo, ambayo ilikuwa inaning'inia msumarini, sasa iliegemezwa karibu na mlango, na ncha yake ilikuwa na vumbi jeupe la saruji. Bibi alilowesha uzi kwa ulimi akautafutia tundu la sindano. Uzi ulipita kando. Akalowesha tena, ukapita kando. Mama Kichanga alisogea kama anayetaka kuona kitambaa vizuri, akautia uzi, akarudi alipokuwa. Hakusema kitu.

"Mkono wangu una bahati leo," alisema bibi, akaanza kukanyaga.

Mshono ulianza vizuri. Katikati ukapinda, ukayumba kama mtu aliyelewa, halafu ukatoka kabisa nje ya pindo na sindano ikawa inashona hewa. Bibi alikata uzi kwa meno, akakikunja kishati vizuri sana, akamkabidhi. Mama Kichanga akashukuru. Alipoinuka kuaga, kile kiti kitupu kililia, krii, kama kinavyolia mtu anapoketi.

"Kamba zinakauka hizo," alisema bibi haraka. Kisha kwa sauti ya chini, "Au siyo."

Siku chache baadaye mtaa mzima uliitwa uwanja wa shule kwa elimu ya kura. Aliyeongoza alikuwa mwalimu mstaafu wa kike na vijana wake wa kujitolea, na jambo la kwanza aliloamuru ni kwamba aliyevaa kofia ya chama aivue aikalie. "Hapa hatuuzi mtu," alisema. "Nataka mjue mlango wa kuingilia na wa kutokea, basi. Mkifika ndani ni ninyi na roho zenu." Wanaume kadhaa walikalia kofia zao kwa aibu, watu wakacheka.

Mwalimu akaeleza ya foleni, ya kadi, ya karatasi inavyokunjwa. Alipofika kwa wasioona, alisema mtu asiyeona ana haki ya kumchagua msaidizi wake mwenyewe, yeyote anayemwamini, na msaidizi huyo anakula kiapo. Anaweka alama pale anapoambiwa, anatoka, anakwenda na siri hiyo kaburini. "Msaidizi ni mkono," alisema. "Na mkono hauna mdomo."

Muuza mkaa akanyoosha kidole. "Mwalimu, na marehemu je? Naye anaruhusiwa msaidizi?"

Uwanja ulivunjika mbavu. Bibi Cherehani, aliyekaa benchi la mbele na Mama Kichanga, hakugeuza shingo. Hapo akasimama mtoto wa kiume wa bibi, muuza vipuri vya pikipiki ambaye duka lake lote, mpaka makufuli, lilikuwa limepakwa rangi ya mgombea wake.

"Jamani, maneno yaishe," alisema. "Mama yangu macho yanamsumbua, mimi ninajua. Siku ya kura nitampeleka mwenyewe, nitaingia naye mwenyewe, nitamwekea mwenyewe. Au kuna mtu ana neno?"

Watu walimpigia makofi, kwa sababu ni vizuri mtoto kumjali mama yake. "Asante, mwanangu," alisema bibi. Sauti ilikuwa haina chumvi. Mama Kichanga peke yake ndiye aliyeona vidole vyake: vilikuwa vimeshika pindo la gauni lake, vinafumua mshono, uzi baada ya uzi.

Mchana huo fimbo ilianza tena. Ko, ko, ko. Kimya. Mama Kichanga alijifunika, akaondoa shuka, akaimba ili mtoto asisikie, na wakati anaimba akajua ni yeye mwenyewe anayejiimbia. Mwishowe alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasukuma mlango wa mtu mzima bila kupiga hodi.

Bibi alikuwa katikati ya chumba. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi machoni, fimbo ya mumewe mkononi, mdomo unacheza bila sauti. Mguu mmoja ulikuwa mbele kama wa mtu anayejaribu maji.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mama Kichanga, bibi."

Bibi akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyeponea chupuchupu, au ya mtu aliyekosa alichokuwa anakingoja. Mama Kichanga hakujua ni ipi kati ya hizo mbili.

"Funga mlango," alisema bibi, akakivua kitambaa. "Muuza mkaa ana masikio kama mapazia. Haya, umeona. Mzuka ni mimi."

"Unafanya nini, bibi?"

"Najifunza upofu. Jicho hili lilishakwenda. Hili jingine linafunga virago." Aligusa sakafu kwa ncha ya fimbo. "Inama uone. Hivi vishimo ni vyake. Miaka yote alipita hapa hapa, fimbo ikachimba saruji. Mlango, kiti, dirisha. Mimi nafuata vishimo vyake tu, naweka fimbo alipokuwa anaiweka yeye. Hanipotezi." Akaiinua fimbo. "Ila wakati mwingine, mwanangu, nimesimama, fimbo iko juu hewani, na nasikia ko."

Mama Kichanga alitazama kile kiti, akajilaumu kwa kukitazama. Mtoto mgongoni alikuwa ametulia kupita kawaida.

"Na ile wanayosema, bibi. Ya kura mbili."

"Nilipiga moja. Lakini sijui ilikuwa ya nani."

Bibi alikaa kwenye stuli ya cherehani. Aliongea akiwa ameelekeza uso dirishani, mahali ambapo kwake palikuwa bado na mwanga kidogo.

"Kila uchaguzi nilianza na karatasi yake. Ananinong'oneza jina, hapa, shingoni. Naweka alama kwa yule mtu ambaye mimi nikimsikia redioni natamani kuivunja redio. Hata hivyo naweka. Anauliza, 'Umeweka?' Nasema nimeweka. 'Kweli?' Kweli tupu. Ndipo nachukua yangu. Angeweza kujua nikimdanganya? Asingejua. Ndiyo maana sikuweza kumdanganya.

"Uchaguzi uliopita nikaingia peke yangu. Nikashika kalamu. Nikasikia pumzi yake pale pale shingoni. 'Umeweka?' Mkono ukaenda. Nikakunja, nikatumbukiza, nikatoka. Nilipofika juani ndipo nikajiuliza, mkono umekwenda kwa nani? Kwa wangu au kwa wake? Macho yalishaanza ukungu. Sikumbuki. Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo, na yeye hanijibu."

"Pole, bibi."

"Usinipe pole. Mwaka huu naitaka yangu. Moja tu, iliyo yangu, nikijua nimeiweka wapi."

"Na mwanao?"

"Nampenda. Ni mtoto mwema, hata dawa zangu ananunua yeye. Lakini mkono wake una mdomo, na masikio, na hata rangi umeshapakwa." Wote wawili walicheka, kicheko kidogo kilichoisha upesi. "Ataweka anachotaka yeye, aniambie, 'Nimeweka, mama.' Nami nitaamini, nitafanyaje? Hapo nitakuwa nimepiga ya mume, nikapiga ya mtoto. Yangu nitaipiga lini?"

Mama Kichanga alihisi kinachokuja.

"Bibi, mimi hata yangu sijawahi kupiga. Kujiandikisha kwenyewe nilikwenda kwa sababu wewe ulinigongea mlango. Nimeishia la saba."

"La saba linatosha kusoma jina."

"Nikikosea je? Na mwanao atanielewaje mbele za watu?"

"Mwanangu nitamwambia mimi, leo hii, kabla jua halijazama. Atanuna. Ananuna vizuri tangu mdogo." Bibi alinyoosha mkono, ukatafuta hewani, ukapata bega la Mama Kichanga, la upande ule ule ambao yeye mwenyewe aling'atwa. "Siku ya kishati ulinitilia uzi. Hukusema, 'Bibi, huoni.' Hukumwambia muuza mkaa. Na mshono wangu ulivyotoka nje ya pindo, ulisema asante. Nikajua, mkono ndio huu."

Kiti kililia, krii. Safari hii hakuna aliyesema habari za kamba. Mtoto aliinua kichwa mgongoni kwa mama yake, akatazama upande ule, akatoa sauti ndogo ya kuuliza.

"Njoo asubuhi ya kura, na mjukuu wangu umbebe," alisema bibi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu sana sasa, karibu na shingo. "Tutagonga milango kama zamani, halafu utaingia na mimi. Nikikutajia jina, weka alama hapo hapo, hata likikukera. Na mle ndani, mwanangu, ukisikia mtu nyuma yetu anauliza kama tumeweka, usiogope, wala usigeuke. Nisaidie tu kumwambia kwamba yeye alishapiga zake zote."