Niliyatoa Mawe Kwenye Korongo la Mama Limi

Nimekosa, na kwa kosa langu kuna msichana yuko kaburini. Jina langu sitalitaja, na majina ya wengine wote humu nimeyabadilisha. Sitafuti huruma ya mtu. Nataka mjue tu mtu aliyesoma anaweza kufanya nini akiitaka shahada kuliko anavyowataka watu.

Mimi ni mzaliwa wa Kalangalala, Geita mjini. Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu. Nimekua nikisikia habari za maduara, yale mashimo ya dhahabu, yaliyotitia, watu wakabaki chini na wenzao juu wakilia. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua udongo unavyoua. Nilijua tangu nikiwa mdogo.

Chuoni nilisomea jiografia. Nilipofika shahada ya pili nikachagua kutafiti mvua na ukame wa zamani sana, wa enzi ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Kazi hiyo unaifanya kwa kuangalia kuta za makorongo. Mvua ikishaikata ardhi, unaona matabaka ya udongo moja juu ya jingine. Penye makombe ya konokono, ujue maji yalituama. Penye vijiwe vyeupe vya chokaa, ujue ukame ulikaa. Unachukua udongo, unapeleka maabara, unaandika.

Korongo nililolitaka nililipata kwenye kijiji kimoja mbele ya Songwa, wilaya ya Kishapu. Lilikuwa limeanzia mtoni, likawa linapanda kila msimu wa mvua na kula mashamba ya watu. Wakati huo kichwa chake kilikuwa kimeshafika jirani na zizi la mjane mmoja. Huyo ndiye Mama Limi.

Mama Limi alinipa chumba nyumbani kwake. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Limi, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda kusomea uuguzi. Limi akawa ananiletea uji kule korongoni, anakaa pembeni huku mimi nakwangua ukuta.

"Kaka, ina maana hapa wanapolala ng'ombe wetu palikuwa ziwa?"

"Palikuwa na maji, ndiyo."

"Yalikwenda wapi?"

Hakuna mtu mwingine kijijini aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimweleza mpaka uji ukapoa.

Kazi ilikwenda vizuri hadi msimamizi wangu alipoziona sampuli. Akanipigia simu.

"Haziendi chini vya kutosha," alisema. "Kitu kipya kiko tabaka la chini. Usipolifikia, umerudia tu waliyoyafanya wenzako."

Nitalifikiaje? Mashine ya kuchimba sikuwa na uwezo nayo. Na udongo mweusi wa mbuga ukikauka, jembe linadunda. Nikaona tegemeo langu ni korongo lenyewe. Mvua moja kubwa ingeuangusha ule ukuta wa mwisho, na tabaka la chini lingebaki wazi, nijichotee.

Shida ni kwamba Mama Limi na binti yake walikuwa wanaliziba. Kila asubuhi walibeba mawe kichwani, wakayapanga kwenye kichwa cha korongo pamoja na matawi ya miiba. Jirani yao, Mzee Jilala, alikuwa analalamika kwamba wakiziba pale maji yatageukia shambani kwake. Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa siku nyingi, kwa hiyo hawakumsikiliza.

Nilijaribu maneno kwanza. "Mama, ukiziba utaharibu utafiti. Vumilia msimu huu mmoja. Nitaandika ripoti, wilaya waje wajenge ukuta wa kweli."

Ulikuwa uongo. Hakuna ripoti ya wilaya niliyokuwa naandika.

Mama Limi alitabasamu. "Ng'wanawane," akaniambia, ndiyo 'mwanangu' kwa Kisukuma, "mvua haisubiri wilaya."

Siku ya mnada wote wawili walikwenda kuuza mbuzi. Nilipohakikisha wamefika mbali, nikashuka korongoni na kuanza kuyatoa mawe yao. Niliyabeba moja moja hadi nyuma ya ua wa minyaa, nikayapanga pale yasionekane. Kwamba ua ule ulikuwa upande wa Mzee Jilala, sikulifikiria. Nilitafuta mahali pa karibu pa kuficha, basi.

Nilipokuwa natoa mawe ya mwisho niliona jambo jingine. Chini ya ukingo maji ya msimu uliopita yalikuwa yameshachimba pango, na juu, nyuma ya ukingo, kulikuwa na ufa wa kuingia mkono. Mtoto wa mchimbaji haelezwi maana yake. Na juu ya ule ukingo ndipo ilipopita njia ya ndama kwenda zizini.

Nilijua nikisema watajaza kifusi. Sikusema.

Wingu lilifunga mchana. Mama Limi na Limi walirudi mbiombio, mvua ikawakuta uani, mvua ile nzito inayokuzuia hata kumsikia aliye karibu nawe. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya korongo, simu nimeifunika na mfuko wa nailoni, narekodi maji yanavyoingia. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Kisha nikamwona Limi. Alikuwa anawaswaga ndama, amejitanda khanga kichwani, anakuja kwenye ile njia.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kupunga mikono, angeniona. Nilijiambia ukingo utashika, atapita. Na nisiwafiche, kuna sehemu yangu iliyokuwa inaangalia simu, kwamba nikipunga mikono picha itacheza.

Ndama wa kwanza alipita. Ukingo ukaondoka na wa pili, na Limi.

Hakupiga kelele, au alipiga na mimi sikusikia. Mama yake ndiye niliyemsikia. Wanaume walimtafuta kwa miti kwenye tope, wakampata kesho yake asubuhi, chini kabisa, karibu na mto.

Nilisaidia kuchimba kaburi. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli. Lakini msiba ulikuwa haujaanuliwa, wanawake bado wamelala ndani na Mama Limi, mimi nikachukua mifuko yangu na kushuka korongoni. Tabaka la chini lilikuwa limefunuka, la kijivu, limejaa makombe ya konokono. Nikachota. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo aliniona nimepiga magoti pale, akadhani naomboleza. Akashuka kuniletea maji ya kunywa.

"Pole, baba," aliniambia. "Alikupenda kama kaka yake."

Nikayanywa.

Msiba ulipoanuliwa, mawe yakaonekana nyuma ya minyaa. Sungusungu, lile jeshi letu la jadi, wakaitisha mkutano wa kijiji na kumsimamisha Mzee Jilala katikati.

"Ugomvi na Mama Limi ninao, sikatai," alisema. "Lakini mtoto yule nimemwona anazaliwa. Sijagusa jiwe la mtu. Yupo hapa kijana msomi wa mambo ya maji na udongo. Muulizeni kama maji hayawezi kusomba mawe."

Mzee wa watu alinichagua mimi niwe shahidi wake.

Mwenyekiti akanigeukia. Mama Limi alikuwa ameketi chini mbele, ananitazama.

"Maji yanaweza kusomba mawe," nikasema. "Lakini hayawezi kuyapanga."

Hakuna neno la uongo hapo. Hata leo siwezi kulikosoa.

Walimtenga. Asiyejua kutengwa kwa Wasukuma asidhani ni kununiwa. Hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuazima moto. Ng'ombe wako hawachungwi na wa wengine. Ukiugua hakuna wa kukubeba, na ukifa hakuna wa kushika jembe. Mzee Jilala alivumilia msimu mmoja, akauza mifugo yake kwa bei ya kutupa, akahamia Runzewe kwa binti yake.

Mimi nilifaulu. Nilisimama mbele ya walimu, nikaonyesha picha ya ukuta ule mpya, wakaniambia nimebahatika kuupata ukiwa ndiyo kwanza umefunguka. Ndivyo walivyosema, nimebahatika. Nikapata kazi ya kufundisha.

Mama Limi hakuniacha. Kila baada ya mavuno alinitumia michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa basi, na kwenye simu aliniita mwanangu aliyebaki. Michembe ile niliwapa majirani. Sikuwahi kuila hata kipande.

Halafu mwaka jana akanipigia, sauti yake ina uchangamfu nisioujua.

"Jilala amekufa huko Runzewe. Wamemzika ugenini kama mbwa. Wabeja, Mungu asante. Nimekwambia uwe wa kwanza kusikia, ng'wanawane."

Siku ile nilishindwa kuingia darasani.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta choroko. Nikamwamkia, akaitikia, akataka kuinuka anipikie. Nikamwomba akae. Nikamwambia yote: mawe, ufa, simu, mkutano. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza. Choroko zilikuwa zimekwisha kwenye ungo, zimemwagika zote, na bado anapepeta.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mama."

"Basi ufe nayo."

"Mama, lakini Mzee Jilala..."

"Mke wake alikuja kisimani na ndoo," akanikata. "Mimi ndiye niliyeimwaga. Wengine walikuwa wanaona haya, mimi nikaimwaga, akajaza tena, nikaimwaga tena. Niliona ninamlipia mwanangu." Akauweka ungo chini. "Ukiwaambia watu, mimi nitaishi vipi hapa? Umeniulia mtoto. Ukanifanya na mimi niwe muuaji. Sasa umekuja nikusamehe ili ukalale. Sikusamehe, na usiseme. Toka kwangu."

Nilitoka. Tangu siku hiyo hajapiga, wala michembe haijaja.

Ningeishia hapo, lakini sikuweza kukaa. Nikaenda Runzewe kumtafuta mjane wa Mzee Jilala, Mama Kabula. Anauza dagaa kwenye meza nje ya nyumba ya bintiye. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanitazama, akanijua.

Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana hakunipa kiti. Wateja walikuwa wanakuja, anawapimia dagaa, wanaondoka, mimi naendelea.

Nilipomaliza aliniuliza: "Haya umeyasema kwenye mkutano?"

"Hapana."

"Mimi umeniambia nini kipya? Nimeishi na yule mwanamume tangu nikiwa msichana. Nilijua hakufanya. Kawaambie wao. Wajukuu zangu wakienda kule wanaitwa wajukuu wa muuaji. Shamba letu limelala, na mimi nataka nife kwangu. Unakwenda lini?"

Nikamwambia nitakwenda. Akachukua simu yangu, akajipigia apate namba yangu.

Kwa hiyo nipo hapa. Mama mmoja niliyemuulia mtoto ameniambia ninyamaze. Mama mwingine niliyemuulia mume ameniambia niseme. Najua yupi ana haki. Siwadanganyi kwamba naogopa kumuumiza Mama Limi. Naogopa sungusungu, naogopa kazi yangu, naogopa baba yangu mzee kule Geita kuambiwa mwanawe aliuona ufa akanyamaza.

Nyie mnaokwenda vijijini na vipimo na mifuko ya sampuli, nisikilizeni. Yule anayekupa chumba ni mtu, na nyumba yake si maabara yako. Ukiona hatari, iseme siku hiyo hiyo, hata kama utafiti wote utaharibika. Utafiti unarudiwa. Na ukishakosa, ungama kabla jirani hajasimamishwa kwa kosa lako, kwa sababu akishasimamishwa mdomo wako utakuwa mzito kuliko ulivyodhani, na watu wema watafanya ukatili kwa jina lako.

Jana jioni Mama Kabula alinipigia kuuliza kama nimeshakwenda. Niliitazama simu inaita mpaka ikanyamaza. Sikupokea.