Chupa ya Maji ya Chumvi

Mama hakuamini kabisa kwamba kuna watu wazima wanaotembea bure. Nilimwandikia kutoka Italia, kule jeshi liliponituma kujifunza kutengeneza injini za ndege, kwamba kila Jumapili baada ya misa napanda njia moja juu ya magenge ya bahari, na kwamba huko nakutana na wazungu wenye viatu vizito na fimbo, wanaokwenda saa tatu kisha wanageuka na kurudi walikotoka. Jibu lake lilinifikia baada ya mwezi, kwa mwandiko wa mdogo wangu wa kike, maana mama hakujua kusoma: "Banaenda ku kilio? Banaenda ku soko? Kama hapana, banaenda kufanya nini? Na weye, mwana wangu, unabafuata?"

Nilicheka peke yangu kitandani. Huyo ndiye mama yangu. Alizaliwa Bukama, kando ya mto, akaolewa na askari, akaletwa Kamina kukaa karibu na Base, kambi ya ndege za jeshi, na miaka yote ile ya Zaire aliuza samaki sokoni kwa mdomo mkali kuliko kisu chake. Kwake maji yana pande mbili, huku na ng'ambo, na katikati kuna mtumbwi.

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, imechongwa katika mwamba. Mkono mmoja kulikuwa na bustani za ndimu zilizoshikiliwa na kuta za mawe. Mkono mwingine hakukuwa na kitu, shimo tu mpaka chini kwenye mawimbi. Penye kona mbaya walikuwa wametia mnyororo wa chuma wa kushikilia. Mimi ni mtoto wa nchi tambarare, ya reli na mahindi. Mara ya kwanza nilitembea nimelikumbatia jabali kwa mikono miwili, na bibi kizee mmoja akanipita akinisalimu kwa furaha. Aibu gani hiyo! Jumapili iliyofuata nilirudi kwa hasira, na iliyofuata tena, hadi miguu ikazoea.

Sitaficha: nilikuwa mpweke. Wenzangu walikwenda mjini kutafuta muziki, mimi nikapanda magenge ili nipate cha kumwambia mama. Rangi ya maji, ndege weupe wanaopita chini ya miguu yako badala ya juu ya kichwa, harufu ya majani makavu, yote niliyatia kwenye barua. Naye akauliza: "Ile maji, ng'ambo yake inaonekana? Ni nani banakaa kule?"

Nikamjibu: "Mama, ng'ambo haionekani, lakini ramani inasema ni Afrika. Ng'ambo njo kwetu, ndiyo kwetu hasa. Nikisimama kwenye kona ya mnyororo na kutazama mbele, ninakuona. Umekaa na samaki zako, unagombana na wanunuzi." Nilijivunia sana maneno hayo. Niliyasoma mara tatu kabla ya kuifunga bahasha.

Kisha miezi miwili bila barua. Ilipofika, ndani yake mlikuwa na picha: baba na mdogo wangu wamesimama mbele ya nyumba, mdogo wangu amejifunga kitambaa kichwani, baba amenyolewa kichwa mpaka kinang'aa. "Mama iko ku shamba, hakuingia ku foto," aliandika mdogo wangu. Nikajibu kwa utani: "Baba, wamekurudisha kwenye ukuruta?"

Mtu wa kwetu yeyote angejua. Kichwa kilichonyolewa vile ni kilio, hata mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nilikitazama na nikacheka.

Barua hiyohiyo ilisema: "Mama anauliza kama ni kweli maji ya bahari iko na chumvi. Anasema hatakubali mpaka aonje. Umuletee chupa. Kama ni kweli, kumbe njo kule makayabu inatokaka." Makayabu ni wale samaki wakavu wa chumvi wanaokuja ndani ya masanduku, na mama alikuwa akiwadharau. Basi hiyo chupa ndiyo ikawa kazi yangu. Cheti cha ufundi kilikuwa cha jeshi, chupa ilikuwa ya mama.

Barua za salamu za mama ziliendelea kuja miezi saba, na Jumapili ya mwisho ya mafunzo niliacha njia na kuteremka genge kwa mapito ya mbuzi, viatu shingoni. Niliteleza, suruali ikapasuka, goti likatoka damu. Nilijaza chupa, nikairudisha juu, nikaiziba kwa nta ya mshumaa. Kutoka Roma mpaka Kinshasa, na ndani ya ndege ya jeshi mpaka Kamina, niliishika mapajani.

Uwanjani nilimkuta baba, mama mdogo, na mdogo wangu.

"Mama iko wapi?"

"Iko ku nyumba," alisema mama mdogo, akanyakua begi langu. Baba alinishika mkono, naye hakuwa mtu wa kushika watu mikono.

Nyumbani wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, na hakuna aliyesalimu. Walinikalisha chini, majirani wawili wakakaa ubavuni mwangu, huku na huku, bega kwa bega. Hapo nikajua, kabla baba hajafungua kinywa. Kwetu mtu haandikiwi kifo akiwa peke yake ugenini. Anaambiwa akiwa katikati ya watu wa kumshika. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa ubavuni mwa mtu namna hiyo.

"Mama yako alikufa," baba alisema. "Sasa iko miezi tisa."

Mamawe! Nililia, kisha nikakasirika, na hasira hiyo sijaimaliza. "Miezi tisa munaniandikia mama anasalimia! Mama anasema, mama anauliza! Na hii chupa?"

"Minyi, mimi mwenyewe, njo niliiomba, yaya," alisema mdogo wangu; yaya kwetu ni kaka. "Nilijua angeuliza vile."

Nilitaka kumpiga. Yeye akachukua chupa, akabandua nta, akamimina kidogo kiganjani na kuonja. "Iko chumvi," alisema. "Mama, iko chumvi kabisa." Akaanza kulia, na wanawake wote mikekani wakalia naye.

Nikamgeukia baba. "Ungeandika neno moja tu. Rudi. Basi."

Alitoa mfukoni mwa shati barua yangu, ile ya ng'ambo, imechakaa kwenye mikunjo.

"Ilifika siku ya tatu ya kilio," alisema. "Mudogo wako alinisomea hapa, ku mukeka. Nilikuwa nataka akuandikie palepale. Lakini weye ulisema unasimama kule juu, unamuona." Aliikunja tena taratibu. "Nikasema, muntu mumoja bado anamuona. Namna gani nitamukataza?"