Jiwe Lililozama Baada ya Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jua. Mudiri, yaani mkurugenzi wetu, aliniita ofisini kwake Ghubra akaniambia, "Bi Rayya, hesabu jua litazama saa ngapi leo hapa Muscat. Halafu panda juu ya paa ukaangalie kama limekutii." Nikahesabu, nikahakiki, nikapanda kwa madaha yote ya msichana aliyetoka chuoni juzi. Jua halikunitii. Lilijificha nyuma ya majabali mapema kuliko nilivyosema, maana nilihesabu kana kwamba nchi yote ni tambarare. "Hesabu yako haina milima," alisema, akaenda zake kusali Magharibi. Nilikasirika sana, na tangu siku hiyo sijahesabu kitu cha mbinguni bila kutia milima.

Kazi yetu ilikuwa nyakati za sala na kuandama kwa miezi. Kila ikifika tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, tulibeba darubini hadi kilima kimoja cha Bawshar kuutafuta mwezi mwandamo, ule uzi mwembamba unaoonekana kwa muda mfupi tu baada ya jua kuzama. Watu husema mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tulilipwa mshahara kwa kuambiana tazama. Nyinyi vijana mnaofungua simu mkakuta kila kitu kimeshahesabiwa, jueni kwamba kuna watu walisimama vumbini kuhakikisha.

Miaka michache kabla sijastaafu, wenzetu wa nchi za mbali waligundua asteroidi mpya. Hilo ni jiwe kubwa linalolizunguka jua kama tunavyolizunguka sisi, ila njia yake hupita karibu na njia ya Dunia. Njia hiyo huitwa obiti, na huwezi kuijua kwa kuliona jiwe mara moja. Ukimwona mtu anatoka mlangoni hujui kama anakwenda sokoni Sib au kwa dada yake. Ukimwona tena kwenye kona ya pili, unaanza kujua. Jiwe hili lilikuwa limeonekana kwa siku chache tu, na hesabu zilisema huenda, kwa nafasi ndogo, likaigonga Dunia litakaporudi. Na sasa lilikuwa linashukia upande wa jua. Likishaingia kwenye mwanga wake lingepotea, nasi tungebaki na hilo "huenda" kwa miaka. Darubini nyingi kubwa haziwezi kuinama chini kiasi hicho, hadi pale jua linapozamia. Yetu ilizoea kuinama.

Jioni ya mwisho ya kuliona ikaangukia tarehe ishirini na tisa ya Ramadhani. Nilimfuata Mudiri.

"Nnaitaka darubini leo," nikamwambia.

"Leo? Wallahi una wazimu. Nchi nzima inangoja Idi, mimi niseme tumeuacha mwezi tukatazame jiwe?"

"Mwezi ukishazama, hata ukiuapia hauonekani tena. Jiwe litazama baada yake. Nipe hapo katikati tu."

"Kwa hesabu ya nani?"

"Yangu. Na milima imo."

Alinikazia macho. "Bi Rayya, mwezi una wenyewe. Hilo jiwe lako lina nani?"

"Lina mimi."

Tulifuturu kilimani kwa tende na kahawa, tukasali kwa zamu. Upande wote wa magharibi ulikuwa vumbi, na Mudiri hakuondoa jicho kwenye darubini. Salum, fundi wetu, alininong'oneza kwamba mwezi ushazama. Mudiri akangoja bado. Mwishowe akainuka. "Haukuonekana. Kesho tunafunga." Watu wakaanza kupiga simu na kukunja mikeka. Akanigeukia: "Khalas, chombo chako."

Picha ya kwanza ilikuwa vumbi tupu. Ya pili vilevile.

"Twende zetu, bibie," Salum akasema. "Watoto wananingoja."

"Simama hapo hapo!" nilimfokea.

Kwenye picha ya tatu palikuwa na doa. Kwenye ya nne doa lilikuwa limesogea, na nyota ziko palepale. Hiyo ndiyo dalili: nyota hukaa, jiwe hutembea. Kabla ya picha ya tano mlima ukalimeza. Nililia mbele ya wanaume wote wale, na sikuona haya.

Vipimo vyetu viliunganishwa na vya wengine, na lile "huenda" likafutwa. Jiwe lingepita pembeni, na siku ya kurudi kwake ikajulikana.

Nimestaafu sasa, na watu huniuliza nilipata nini kwa ubishi wangu. Nilipata jibu, na jibu halipatikani kwa kukunja mkeka mapema.

Mwaka huu jiwe limerudi. Mabinti wa ofisini walinifuata nyumbani, nikapanda kilima kwa mkongojo, moyo unanidunda kama siku ile ya jua. Wakaielekeza darubini pale obiti iliposema. Doa likatokea. Hapo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Mudiri, mzee sasa, anaishi Sib, na macho yake hayaoni tena.

"Bi Rayya, limekutii?"

"Limenitii, Mudiri."

"Basi niambie liko upande gani, nami niligeukie."