Pointi Mpya za Gari la Chanjo

Niliripoti kazini katika karakana ya Serikali mjini Kyela asubuhi ya Jumatatu, nikiwa na cheti cha ufundi wa magari, ovaroli ambayo haijaona mafuta na barua ya kupangiwa kazi. Mkuu wa Karakana, Mnyakyusa mrefu aliyeunga miwani yake kwa waya, aliisoma barua mara mbili.

"Binti, jina hili nilidhani ni la mwanamume."

"Ni la ukoo, Mzee."

"Basi ukoo wenu umenipata. Chukua bisibisi."

Ilikuwa miaka ile biashara ilipoanza kuachiwa huru. Awali kipuri kiliombwa kwa fomu, kikafika baada ya miezi, kama kilifika. Sasa wenye maduka waliotoka pwani walipanga vipuri rafu moja na sabuni na khanga. Lilikuwa jambo la heri, wala silibezi. Ila kila aliyeweza kununua kipuri alijiona anaweza na kukifunga.

Saa mbili na nusu gari la chanjo liliingia likisukumwa na watu sita. Nyuma yake alitembea Bwana Afya wa wilaya, mtu wa Tanga, mwenye shati jeupe na Kiswahili cha upole. Garini mlikuwa na sanduku la barafu lenye chanjo ya surua. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia Talatala, na akina mama wa Bujonde walikuwa wameitwa na watoto wao saa nne. Chanjo ile ikipata joto huharibika, na hakuna jicho linaloweza kuona kwamba imeharibika. Kwa jua la Kyela, barafu isingevuka saa saba.

Mkuu alifuata utaratibu. Akapiga stata, injini ikazunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Petroli ilifika kwenye injini. Kisha akachomoa waya mnene utokao kwenye koili, kile kikopo kinachoukuza umeme mdogo wa betri, akausogeza karibu na chuma huku nikizungusha injini. Hapakuruka cheche hata moja.

Akafungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa cheche kwenye plagi. Ndani yake hukaa pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Kila vinapoachana, koili hutoa cheche. Pointi zilikuwa zinang'aa.

"Hizi mpya. Nani kazifunga?"

"Fundi wa Mbeya, juma lililopita," alisema Bwana Afya. "Gari limekwenda vizuri tangu hapo. Jana jioni niliegesha likiwa zima."

"Basi pointi hazina kosa. Ni koili, na koili ya gari hili hapa mjini hakuna. Tutaagiza Mbeya, ifike kesho."

Mmoja wa wasukumaji akacheka. "Bwana Afya, twende nalo Bujonde hivi hivi. Tumekwisha zoea kulisukuma."

Bwana Afya hakucheka. Alilitazama sanduku. Ndipo nilipoitazama mikono yake. Ilikuwa safi mpaka kwenye vidole, lakini chini ya kucha mlikuwa na grisi nyeusi, na kichwa cha skrubu ya pointi kilikuwa kimechubuliwa na bisibisi isiyo saizi yake. Fundi wa Mbeya asingefanya hivyo.

Nilikuwa na hasira, nakiri. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumwita mwongo mbele ya wote. Lakini alikuwa na cheo, na mtu wa cheo akibanwa mbele za watu hung'ang'ania neno lake. Huku akiling'ang'ania, barafu ingeyeyuka. Nikafungua pointi zote, nikaziweka kwenye kitambaa mbele yake.

"Bwana Afya, mimi leo ndiyo siku yangu ya kwanza. Chuoni tulifunga za aina nyingine. Hizi ungezifunga wewe, ungeanza na nini?"

Mkuu akanikazia macho juu ya miwani. "Chuoni kwenu wagonjwa ndio huwatibu madaktari?"

Bwana Afya aliinama, akaanza kufunga. Vidole vyake havikusita. Vilikuwa vimekwisha kuijua kazi ile. Akaweka springi, akaweka waya, na mwisho, juu ya vyote, akakiweka kiwashari, kile kiduara cha plastiki chenye tundu, kama kofia.

Kiwashari kile hukaa chini. Kazi yake ni kuutenga waya na mwili wa distributa. Kikikaa juu, umeme hupotelea kwenye chuma, pointi zifunguke zisifunguke.

Nilikinyanyua, nikakirudisha mahali pake. Bwana Afya alikitazama, akamgeukia Mkuu.

"Nilifunga mwenyewe jana jioni," alisema, na hakupunguza sauti ili wengine wasisikie. "Nimekudanganya, Mkuu. Gari la Serikali, niliona aibu kukiri."

"Aibu hiyo ya dakika moja ungeimaliza ulipoingia hapa saa mbili na nusu," alisema Mkuu. "Binti, piga stata."

Injini ilishika mara ya pili. Bwana Afya aliushika mkono wangu wenye mafuta, akanishukuru kwa Kinyakyusa chenye matamshi ya Tanga, "Ndaga fijo, fundi." Alifika Bujonde kabla ya saa tano. Akina mama walikuwa bado wanamngoja.

Nilihamia Tukuyu, kisha Mbeya, chini ya wahandisi wakali na wengine walegevu. Vitabu vya ufundi nimevisoma vingi, navyo hueleza vizuri hitilafu za chuma. Havielezi kwamba mwenye gari ni sehemu ya gari, na kwamba ukweli wake haufunguliwi kwa kutumia nguvu. Uongo ni dhambi, nami sijawahi kuulainisha. Lakini fundi anayemfedhehesha mtu kwanza huwa amechagua kushinda badala ya kutengeneza.

Niliomba kustaafu kwa hiari nilipotimiza miaka hamsini na mitano. Juma langu la mwisho, gari nililolitengeneza kwa mikono yangu halikuwaka. Fundi aliyekuwa anapokea nafasi yangu, mama wa watoto wawili, aliuliza kwa adabu kama kuna mtu aliyeligusa. Karakana nzima ilikuwa inasikiliza.

"Mimi," nilimwambia. "Anzia pale nilipoishia."