Tulivyomsubiri Baba Afe

Juzi lori lilishusha magunia ya mbata mbele ya duka langu pale Kona ya Musa, na ile harufu ya nazi iliyovunda ikanipanda puani nikatema mate palepale, wateja wananitazama. Duka ni langu, ghorofa iliyo juu yake ni yangu, na darasa la tano sikulimaliza. Nikitaka kutema mate, natema. Lakini, wenzangu, harufu ile ilinikumbusha filamu.

Baba yangu, Bakari, alikuwa mkwezi wa nazi kwetu Msambweni. Nilipokuwa mdogo, wazungu walikuja Diani kupiga filamu ya mambo ya kale, wakawachukua wanaume wa kwetu wawe wapagazi. Wenzake walipewa kubeba mizigo tu. Baba akapewa kufa! Alirudi kifua mbele, ikawa kila jioni anatufia uani: anayumba, anashika moyo, anaanguka chali, kuku wanatawanyika. Mama akimwambia, "Baba Juma, kufa upesi, wali unapoa."

Kanda ilipofika kwenye kibanda cha video, miaka imekwishapita, mtaa mzima ulikwenda. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia ya mbata ili jua lisiingie. Harufu ikaingia badala yake, ikachanganyika na jasho na kunguni wa mabenchi.

Na filamu yenyewe, nawaambieni kweli, ilikuwa uchafu. Mzungu mwenye ndevu alitazama bahari. Akaitazama tena. Akachovya kalamu, akakohoa. Akanywa chai, nasi tukamkodolea macho mpaka ikaisha, akamiminiwa nyingine. Mimi leo fundi wangu akichanganya zege polepole namna ile, namfukuza kabla ya saa nne.

"Bakari, unakufa saa ngapi?" aliuliza mvuvi mmoja kutoka nyuma.

"Bado kidogo."

"Huyu akimaliza chai yake tutakuwa tumekufa sisi!"

Watu wakaangua kicheko. Baba hakucheka. Alikaa mbele kabisa na kanzu yake ya Idi. Nami nilikuwa nimewaapia wenzangu wa madrasa kwamba watamwona uso mzima. Wasipomwona, mimi ni mwana wa mwongo, basi.

Adhuhuri ikatupita mlemle. Watoto wachanga walilia, wakanyonyeshwa, wakalala, wakaamka. La ajabu, hakuna mtu mzima aliyetoka.

Hatimaye wapagazi wakaanza kupanda kutoka ufuoni. "Sasa!" alisema Baba. Sanduku likaanguka. Ukaonekana mkono juu ya mchanga, wenye kovu la panga tulilolijua sote. Mkono tu. Kisha yule mzungu akapiga magoti, akafungua sanduku, akatoa saa yake iliyovunjika, akaanza kuililia. Akaililia muda mrefu kuliko alivyokunywa chai. Mpagazi hakutazamwa tena.

Nikajikunja, nikangoja wacheke.

Aliyeinuka ni Bi Mwanamisi, jirani yetu muuza mihogo. Akaenda mbele, akampa Baba mkono wa rambirambi. "Makiwa, Bakari. Umekufa vizuri."

Mvuvi naye akafuata. "Makiwa, ndugu yangu."

Wakapanga foleni, wakubwa kwa wadogo, na nyuma yao mzungu bado anaililia saa yake bila mtu wa kumtazama. Baba akaipokea mikono mmoja mmoja, kichwa ameinamisha.

Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Nilidhani wamemfanyia mzaha.

Baba alipofariki kweli, nilikuwa tayari mtu mwenye mali zangu. Nilikodi mahema na viti vya kitambaa cheupe. Wale wazee waliokuwa bado hai wakaja, wakaviacha viti vyangu, wakakaa kwenye mkeka mchana kutwa. Yule mvuvi, macho yamekwisha kuingia ukungu, akanishika mkono.

"Makiwa, mwanangu. Mara hii uso wake tumeuona."

Ndipo nilipofahamu kwa nini siku ile kibandani hakutoka mtu. Filamu yenyewe naitemea mate hadi leo.