Jeanine na Tope la Mtambo wa Maji

Gracien ndiye aliyesimulia haya Jumapili iliyopita, watu wakitoka misa, wala hakuficha kwamba alikuwa amemcheka mkewe, Jeanine.

Saa moja asubuhi, Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo. Jeanine anachokoa majivu kwa kijiti, taratibu, pumzi ameibana. Amekesha na moto. Ndani ya majivu yamo majiko tisa ya udongo. Haya nayo yakipasuka, basi ufinyanzi umekwisha. Atakwenda kulima mashamba ya watu.

Mwaka jana mto ulifurika, ukafukia kwa mawe shimo alilokuwa akichimba udongo tangu akimbie Butembo, Kongo, miaka kumi na miwili. Akabaki na rundo dogo la udongo nyuma ya nyumba.

Ndipo jirani yake Bwambale, mfanyakazi wa mtambo wa kusafisha maji, akamwambia kuna tope linalobaki chini ya matangi maji yakishatulia. Wao hulimwaga tu. Jeanine akaenda, akalilamba, maana ndivyo anavyoujua udongo wowote. Ulimi wake ukakunjamana kwa shabu, ile dawa ya kutuliza maji. Lakini chini ya ukali ule akaonja mto.

Kwanza alichanganya nusu kwa nusu. Majiko kumi na manne, yote yakapasuka hata kabla ya kuona moto. Gracien akauliza kama siku hizi anapika biskuti. Safari hii ametia karai moja la tope kwa makarai manne ya udongo, akayakausha majiko kivulini wiki tatu.

Analitoa la kwanza, analigonga kwa kifundo cha kidole. Linalia, sauti ndefu, safi. La pili. La tatu. Gracien anavua kofia. La saba lina ufa. Yaliyobaki yote ni mazima.

Bwambale amepita hapo akitoka zamu ya usiku. Analishika jiko moja kwa mikono miwili, analigeuzageuza.

"Mama, miaka kumi na moja nafukuza hii matope kwenye maji," anasema. "Sikujua inaweza kusimama."

"Ile ni mulima, mwanangu," Jeanine anamjibu kwa sauti ya chini. "Maji iliibeba kidogo kidogo mupaka kwako, na wewe unaimwaga."

Anataka wakubwa wa mtambo wamwachie tope lote, awafundishe wafinyanzi wenzake watano ambao mashimo yao nayo yalifukiwa. Bwambale anaahidi kumwombea kwa wakubwa leo hii hii. Anamwuliza atahitaji makarai mangapi kwa wiki.

Jeanine ameegemea ukuta, majivu mpaka kwenye nyusi. Gracien anaweka kidole mdomoni: mkewe amelala.