Taa ya Samaki na Ulimi wa Kazungu

Mamangu alikuwa na pasi ya makaa, ile nzito ya chuma yenye kijogoo mbele, na kila Jumapili jioni alinipigia pasi kaptura yangu ya shule huku akiyapepea makaa yasizime. Wenzangu wa rika hili mnaijua pasi ile: cheche ikiruka, nguo imekwisha. Basi Jumapili moja ikaruka, ikatoboa kaptura hapo hapo pa kukalia. Nyingine sikuwa nayo. Mama akakata kipande cha kanga yake kuukuu, chekundu, akanitilia kiraka, akaniambia, "Nenda, hakuna asomaye kwa makalio." Kesho yake darasa zima liliyasoma hayo makalio. Walicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ubao, mabega yakimtikisika.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa Kazungu, mtoto wa Kigiriama aliyetembea kutoka mashambani kwao kila asubuhi, miguu mitupu, na kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni. Alijisogeza kwenye benchi, akanionyesha nikae upande wa ukuta nisionekane. Mchana tukagawana muhogo wake. Tangu siku hiyo akawa ananiita msena, neno lao la rafiki, na miaka imepita sitini na zaidi. Shule tuliiacha pamoja, mwaka mmoja, kila mtu kwa sababu zake. Zangu sizisemi, wajukuu wanasoma.

Wengine walicheza gololi na kufukuzana na magurudumu ya baiskeli. Sisi mchezo wetu ulikuwa tochi na redio mbovu. Mtu akileta tochi yake imekufa, kwanza tunaanika betri juu ya bati, zikipata jua zinajikongoja siku mbili tatu. Kisha Kazungu anajaribu kwa ulimi. Ukiwashwa, betri nzima, usipowashwa, imekufa. Mimi ulimi wangu sikuutoa hata siku moja, nilikuwa mwoga. Lakini kwa maneno nilikuwa hodari. Mimi ndiye niliyemweleza mwenye tochi ilikuwa na ugonjwa gani na tumehangaika vipi, na mimi ndiye niliyepokea mahamri na mbaazi tulizopewa. Tulikula sawa kwa sawa, hilo sikumdhulumu. Ila watu waliponiita fundi, na yeye amekaa pale pale ana kutu midomoni, sikuwarekebisha. Naye alijipangusa midomo, akachukua tochi nyingine. Tulikuwa watoto.

Sasa vijana wa leo. Kitu kikizimika hawakitazami kitu, wanaitazama simu. Mkwe wangu Salim, mume wa Mwanaisha binti yangu, ambao nakaa nao hapa Shella, Malindi, alituletea sebuleni tangi la kioo la samaki. Bahari iko hapo, unaisikia kitandani, na yeye anachota maji yake kwa madumu kuja kuyaweka sebuleni. Haya. Nikanyamaza, nyumba ni yake. Nakiri samaki wenyewe walipendeza, hasa juu yao ikiwaka ile taa ndefu iliyolazwa kwenye kifuniko. Siku moja ikazima. Salim akaichungulia, akapekua simu, akasema baba, hii haitengenezwi, inatupwa na kuagizwa nyingine.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzi. Nilimwambia, mbele ya mkewe, kwamba kitu hakitupwi nyumbani nilimo mimi kabla sijakifungua.

Siku tatu nilihangaika na taa ile. Nilijaribu soketi kwa chaji ya simu, soketi nzima. Nikashika kile kidude cheusi cha kupunguza stima, kina joto, basi nacho kizima. Nikatafuta skurubu za kuifungua. Hakuna hata moja, yote imegandishwa kwa gundi, kana kwamba aliyeitengeneza aliapa mtu asione ndani. Niliigonga. Niliiapiza. Mwisho nikaianika juani juu ya ukuta, ndivyo nilivyolelewa, na Mwanaisha akaniuliza kama nakausha samaki wa ng'onda. Nikamwita Kazungu.

Kazungu siku hizi anakaa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka thelathini kwenye mashamba ya chumvi ya Marereni, anasukuma toroli, na viganja vyake vilipasuka havikupona. Alikuja Jumamosi kwa miguu. Mwanaisha akampa shikamoo ami Kazungu, akamletea chai. Kwa bahati mbaya siku hiyo Salim alikuwa na wageni, wenzake wa kazini, na wote wakageuza viti kututazama.

Kazungu hana haraka. Aliichomoa taa, akaigeuza, akainusa. Mimi namhimiza, mwenzangu fungua, yeye ananijibu tangu lini umekuwa na mikono, Bakari. Tulitaniana hivyo, kama siku zote. Kisha akashika ule waya unaoingia kwenye taa, sehemu unapochomekwa, akautazama. Waya haukuwa na stima. Akatoa ulimi, akaugusa.

Wageni wakaangua kicheko. Mmoja akauliza babu anaonja nini.

"Chumvi," akasema Kazungu. "Imeingia hapa kwenye kiungo."

Nami niliona wananitazama mimi niliyemwita. Badala ya kuwaambia huyu ulimi wake umewasha tochi za nusu ya Malindi, nilisema, "Mwacheni. Huyu kila kitu kwake ni chumvi. Mwonyesheni mwezi, atauliza toroli liko wapi."

Walicheka sana. Nilicheka nao. Kazungu alinitazama kidogo, akaomba wembe.

Nikamnyang'anya taa, nikasema taabu iko ndani, nikatia kisu kwenye gundi na kuipasua ile plastiki mpaka vitaa vyake vidogo, kama mbegu za ufuta, vikaonekana. Vikavu, visafi, havina hata doa. Nilibaki nimeshika kisu. Kazungu akaichukua tena, akakikwangua kile kiungo, ikamwagika kutu ya kijani, akakisugua kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akakikausha, akachomeka. Plastiki niliyoipasua akaifunga kwa uzi. Nikabonyeza swichi mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu nayo.

Ikawaka. Samaki wakaonekana wote, na manjano yao, na Mwanaisha akapiga kigelegele.

Salim akanishika bega. "Baba, nimekubali. Wewe ni fundi kweli."

Nilikuwa na nafasi ya kusema jina moja tu. Wote walikuwa wananisubiri. Nikasema, "Ni mazoea tu."

Zamani tukigombana ilikuwa ugomvi wa mchana. Jua likianza kupoa, mmoja atapiga mluzi nyuma ya nyumba ya mwenzake, na mwingine atatoka na kitu cha kutafuna. Hatukuwa na simu wala namba ya mtu. Leo namba yake ninayo. Nikimpigia anapokea, anaulizia hali ya Mwanaisha, ya mkwe, ya samaki, anasema atakuja. Kisumu Ndogo nimekwenda mara mbili, zote nikaishia dukani, nikanunua sukari nisiyoihitaji, nikarudi. Mzee mzima, na mluzi siuwezi tena, meno ya mbele hayapo.

Siku ile aliimaliza chai yake yote. Akanawa mikono, akamwambia Mwanaisha asante mwanangu, chai nzuri. Wageni walikuwa wameligeukia tangi wakipiga picha. Akavaa ndara zake mlangoni, ya kushoto kwanza. Nikamwuliza waenda wapi, wali unaiva.

"Nafika hapo mara moja, Bakari," akasema. Hakusema msena.

Nikamtazama akipita kibarazani hadi njiani, mwendo wake ule ule usio na haraka. Mwanaisha akampakulia, akaifunika sahani kwa kawa. Kazungu hakurudi siku ile, wala siku nyingine.